Mama Mja Mzito na Mizani

Wasikilizaji na wasomaji wetu, leo twataka kusema nanyi habari ya mizani. Si mizani ya dukani ipimayo sukari, wala si ile ya ghalani ipimayo pamba na kahawa, bali ni ile iliyowekwa katika zahanati, ambayo mama mja mzito huambiwa aipande kila aendapo kupimwa. Wanawake wengi huipanda kwa kuwa wameamriwa. Husomewa hesabu, huandikiwa katika kadi, kisha hurudi kwao wasijue hesabu ile imesema nini. Waume zao nao hawajui. Basi shabaha ya maneno yetu ni kwamba kila asikiaye aweze kuitazama kadi ya mkewe, au ya dada yake, au ya mama yake, na kufahamu kama mambo yanakwenda vema ama sivyo.

Sisi walimu twapenda kuanza jambo kwa hesabu, nasi tutawapa hesabu ndogo. Tuseme wanawake wawili wamekwenda zahanati siku moja. Kimo chao ni kimoja, mita 1 na sentimeta 60. Mimba zao zina umri mmoja, majuma 28. Kila mmoja amepanda mizani, na kila mmoja ameonekana ana kilo 60. Je, ni yupi aendaye vizuri, na ni yupi wa kuangaliwa? Mwanafunzi mwerevu atajibu ya kuwa hawezi kusema, na hilo ndilo jibu la haki. Lakini tukizifunua kadi zao twaona ya kuwa yule wa kwanza, alipopimwa katika juma la 10, alikuwa na kilo 53. Naye wa pili wakati huo huo alikuwa na kilo 61. Wa kwanza ameongeza kilo 7, na hiyo ni habari njema. Wa pili amepungua kilo 1 wakati ambao ilimpasa kuongeza, na sababu yake haina budi itafutwe leo, isingoje kesho.

Basi hili ndilo neno kubwa la kushika. Mizani ikiulizwa mara moja haijibu kitu. Hujibu ikiulizwa mara ya pili, na ya tatu, na ya nne, maana kazi yake ni kuonyesha mwendo. Mama aendaye kupimwa mara moja tu, katika mwezi wa nane, amepanda mizani bure, au karibu na bure.

Huenda mtu akauliza, “Mtoto azaliwapo huwa na kilo 3 hivi. Mbona mnataka mama aongeze kilo 12? Kilo zile nyingine ni za nini?” Swali hili ni jema, na wataalamu wamelijibu kwa kupima kila kitu peke yake. Tumtwae mama aliyeongeza kilo 12 na nusu. Mtoto mwenyewe ana kilo 3.4. Kondo la nyuma, ambalo ndilo limpalo mtoto chakula na pumzi, lina kilo 0.6. Maji ya chupa ya uzazi yana kilo 0.8. Mji wa mimba nao umekua, umeongeza kilo 1. Matiti yamejitayarisha, yameongeza kilo 0.4. Damu ya mama imezidi kwa kilo 1.5, na maji yaliyo katika nyama za mwili yamezidi kwa kilo 1.5. Kilo 3.3 zilizosalia ni akiba ya mafuta. Wanafunzi na wajumlishe, wataona hesabu inatimia.

Akiba hiyo ya mafuta isidharauliwe. Mkulima huweka chakula ghalani kabla ya miezi ya njaa. Mwili wa mama hufanya vivyo hivyo kwa ajili ya siku za kunyonyesha. Kadhalika ile damu iliyozidi si ya bure. Sehemu yake hupeleka chakula kwenye kondo, na tena humsaidia mama kustahimili damu itokayo siku ya kuzaa.

Walakini kiasi cha kuongeza si kimoja kwa wanawake wote. Kwanza hutazamwa mama alikuwaje kabla ya kushika mimba, kwa kulinganisha uzito wake na kimo chake. Hesabu yake ni nyepesi: zidisha kimo kwa kimo, kwa mita, kisha gawa uzito wa kilo kwa jibu ulilopata. Mama wa kilo 54 mwenye kimo cha mita 1.60 ahesabiwa hivi: 1.60 mara 1.60 ni 2.56, na 54 ukiigawa kwa 2.56 wapata 21 na kidogo. Kipimo kati ya 18.5 na 24.9 ni cha mwili wa kadiri; chini yake ni wembamba uliozidi; kuanzia 25 ni uzito uliozidi; kuanzia 30 ni unene mkubwa.

Mwaka 2009 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa viwango ambavyo vimetumiwa katika nchi nyingi. Mwanamke mwembamba mno aongeze kilo 12.5 hata 18. Mwenye mwili wa kadiri aongeze kilo 11.5 hata 16. Mwenye uzito uliozidi aongeze kilo 7 hata 11.5. Mwenye unene mkubwa aongeze kilo 5 hata 9. Mwenye mimba ya mapacha huhitaji kuongeza zaidi. Angalieni ya kuwa hata mwanamke mnene hakuambiwa apungue. Naye pia yampasa aongeze, ila kwa kiasi kidogo.

Nyongeza hiyo haiji kwa siku moja. Katika miezi mitatu ya kwanza huwa ndogo, nusu kilo hata kilo 2, na wengine wenye kutapika hupungua kidogo. Tokea mwezi wa nne mwanamke mwenye mwili wa kadiri huongeza yapata gramu 400 kwa kila juma, basi kwa mwezi huwa kilo 1 na robo tatu hivi. Viwango hivi ni vya kuongoza, si sheria ya mahakama. Mama aliyepungukiwa na nusu kilo hana kosa, ila mwuguzi ana haki ya kumwuliza habari zake.

Sasa twafika penye neno zito. Katika nchi nyingi, za Afrika na za Asia, wako wanawake wanaoambiwa na wakubwa wao, “Usile sana. Mtoto akiwa mkubwa hutaweza kumzaa.” Wasemao hivyo si watu wabaya, wala hofu yao si upuuzi. Wamewahi kuona mwanamke akipata uchungu siku mbili na tatu, na mwisho wake msiba. Aliyeona jambo hilo hawezi kulisahau, naye atafuta njia yoyote ya kumwokoa binti yake.

Wala wazo hili si la wazee wa vijijini peke yao. Mwaka 1889 daktari mmoja wa mji wa Hamburg katika Ujerumani, jina lake Ludwig Prochownick, aliandika habari ya chakula cha kuwapa wanawake wenye nyonga nyembamba. Aliwapunguzia vyakula vya wanga na vinywaji ili watoto wao wawe wadogo. Baadaye madaktari wengi wa Ulaya na Marekani walishika desturi ya kuwazuia wajawazito wasiongeze uzito, wakidhani tena ya kwamba kwa kufanya hivyo watazuia kifafa cha mimba. Hata katika miaka ya 1950 na 1960 wanawake wengi wa Marekani waliambiwa wasipite ratli 20, yaani kilo 9. Mwaka 1970 baraza la wataalamu wa nchi ile ile lilichunguza jambo hilo, likaona ya kuwa desturi ile haina msingi, likashauri nyongeza ya ratli 24 kwa wastani, karibu kilo 11. Basi ikiwa madaktari wenye vitabu walikubali kugeuza nia yao walipoona ushahidi, nasi tusione haya kuigeuza yetu.

Ushahidi wenyewe ni wa namna mbili. Wa kwanza ni wa njaa. Katika majira ya baridi ya 1944 na 1945, wakati wa vita, watu wa magharibi ya Uholanzi walizuiliwa chakula hata posho ya mtu mzima ikawa haba mno. Hospitali ziliendelea kuandika uzito wa watoto waliozaliwa. Ikaonekana ya kuwa watoto ambao mama zao walipatwa na njaa katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba walizaliwa na upungufu wa gramu 300 hivi.

Ushahidi wa pili ni wa kulisha, nao watoka katika Afrika yetu. Katika wilaya ya West Kiang, nchi ya Gambia, watu ni wakulima wa karanga na nafaka. Kuanzia Juni hata Oktoba mvua hunyesha, chakula ghalani kimepungua, na kazi ya shamba ni nzito kupita wakati wote. Mkulima yeyote asomaye haya aijua miezi ya namna hiyo. Watafiti walichagua vijiji 28. Katika baadhi yake wajawazito walipewa kila siku, tokea nusu ya mimba, biskuti za karanga, unga wa mchele, sukari na mafuta ya karanga, zilizookwa na waokaji wa huko huko. Katika vijiji vingine biskuti zilitolewa baada ya kujifungua. Kazi hiyo ilidumu miaka 5, na habari zake zikatangazwa mwaka 1997. Mama waliolishwa waliongeza uzito zaidi. Watoto wao walizidi kwa gramu 136 kwa wastani wa mwaka mzima, na wale wa miezi ya njaa walizidi kwa gramu 201. Watoto waliozaliwa wafu walipungua, na waliokufa katika juma la kwanza walipungua.

Na je, vichwa vyao? Maana hapo ndipo ilipo hofu ya wazee wetu. Vichwa vya watoto vilipimwa, na mzunguko wake ulikuwa umezidi kwa milimeta 3 tu. Chakula kilimpa mtoto nguvu na nyama. Hakikumfungia mlango wa kutokea.

Mtoto aliyezaliwa chini ya kilo 2 na nusu huhesabiwa kuwa mwenye uzito mdogo. Huyo hupatwa na baridi upesi, hunyonya kwa unyonge, na maradhi humshinda kwa urahisi. Mama naye aliyejinyima chakula huingia katika uchungu hana nguvu, na mara nyingi damu yake ni haba. Kwa hiyo anayemnyima mja mzito chakula ili kumwokoa, amemwongezea hatari juu ya hatari. Mwanamke mwenye nyonga nyembamba husaidiwa kwa kuzalia penye mkunga aliyefundishwa na penye daktari awezaye kupasua. Njaa haipanui nyonga ya mtu.

Turudi sasa katika kadi, tuone mizani yaweza kusema nini. Yaweza kusema maneno matatu ya kuonya.

Neno la kwanza ni uzito kusimama au kupungua. Tuseme mama alikuwa na kilo 54 katika juma la 12, na kilo 57 katika juma la 20, kisha katika juma la 26 ana kilo 57 zile zile. Majuma 6 yamepita bila nyongeza. Mizani haisemi sababu. Yasema tu ya kuwa sababu iko. Hapo mwuguzi huuliza: Je, bado watapika? Umepata homa? Chakula kimekwisha nyumbani? Wachota maji mbali? Tena hupima damu, hupima malaria, na hupima tumbo aone kama mtoto anakua. Mama asifiche neno, maana mwuguzi hamhukumu.

Neno la pili ni uzito kupanda kwa ghafula. Tuseme mama alikuwa na kilo 63 katika juma la 34, na katika juma la 36 ana kilo 66 na nusu. Kilo 3 na nusu kwa majuma 2 haziwezi kuwa nyama wala mafuta. Yumkini ni maji yanayokusanyika mwilini. Jambo hili laweza kuwa dalili ya maradhi yanayotangulia kifafa cha mimba. Madaktari wa zamani walidhani uzito ndio uletao kifafa. Siku hizi twajua ya kuwa kupanda kwa ghafula ni alama tu, na kujinyima chakula hakuzuii maradhi hayo. Wala mizani peke yake haitoshi kuyajua. Ni lazima shinikizo la damu lipimwe, na mkojo utazamwe kama una protini. Shinikizo likifika 140 juu au 90 chini, mama yu katika hatari ya kuangaliwa sana. Na ikiwa aumwa kichwa sana, au macho yake yaona ukungu, au uso na mikono imevimba, au aumwa chini ya kifua, asingoje siku yake ya kupimwa. Na aende hospitali saa ile ile, hata ikiwa usiku.

Neno la tatu ni uzito kuzidi kidogo kidogo, mwezi kwa mwezi, kupita kiasi chake. Hili laonekana zaidi mijini, penye soda, maandazi na kazi ya kukaa. Mama wa namna hii yafaa apimwe kisukari cha mimba, kwa kuwa mtoto aweza kukua kupita kiasi na kuzaa kukawa na shida. Dawa yake si kufunga kula. Apunguze vitu vitamu na mafuta, ale mboga na maharagwe, atembee kila siku.

Ili mizani iseme kweli, yataka kutendewa haki. Iwekwe juu ya sakafu ngumu iliyo sawa, si juu ya udongo wala mkeka. Sindano iwe penye sifuri kabla mtu hajapanda. Mama avue viatu, aweke chini kikapu chake, amshushe mtoto wa mgongoni, avue kitenge cha juu. Asimame katikati bila kushika ukuta. Ikiwezekana apimwe katika mizani ile ile kila mara, kwa maana mizani mbili hupishana, na tofauti yake yaweza kudhaniwa kuwa nyongeza ya mama. Kisha hesabu iandikwe pale pale pamoja na tarehe. Hesabu isiyoandikwa imepotea.

Na kwa kuwa mwendo haujulikani bila mwanzo, mama aende mapema. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba mja mzito aonwe mara 8: mara ya kwanza kabla ya juma la 12 kwisha, kisha katika majuma ya 20, 26, 30, 34, 36, 38 na 40. Twajua ya kuwa wengi huficha mimba changa kwa haya, au kwa kuogopa kijicho. Lakini kadi haitangazwi sokoni, na mwuguzi amefungwa na wajibu wa kutunza siri. Aliyechelewa naye asikate tamaa. Atapimwa mkono wa juu kwa utepe, na ikiwa mzunguko wake haufiki sentimeta 23, huenda ikawa lishe yake ni haba, naye atashauriwa.

Tuna neno kwenu waume. Mizani yaweza kuonyesha upungufu, lakini haiwezi kuleta chakula. Mama mja mzito hahitaji kula sehemu ya watu wawili. Yamtosha kuongezewa kidogo kila siku, tokea mwezi wa nne: konzi ya karanga, kikombe cha maziwa au uji wenye lishe, maharagwe au kunde, dagaa, mchicha, tunda. Mahali pengi amekatazwa mayai. Yai halimdhuru yeye wala mtoto. Mpikeni yai lake liive vema, ale. Mkiwa na desturi ya mwanamume kujipakulia kwanza, mwachieni sehemu yake kabla ya kitoweo kwisha. Na ndoo ya maji na mzigo wa kuni, hasa katika miezi ya palizi, vichukuliwe na mwingine mwenye mgongo mwepesi.

Nanyi wanafunzi, kazi yenu ni kusoma. Katika Kenya na Tanzania mama hupewa kadi au kijitabu ambamo uzito wake huandikwa. Mkiwa na mja mzito nyumbani, mwombeni kwa adabu awaonyeshe kadi yake. Andikeni tarehe na kilo katika karatasi, toeni ya kwanza katika ya pili, gaweni kwa idadi ya majuma, mwone kama yapata gramu 400. Mkiona hesabu imesimama, au imeruka, msimtishe. Mwambieni baba, au bibi, kwamba mama na arudi zahanati kesho, akaulize. Hesabu hiyo ya kutoa na kugawa mliisoma darasani kwa ajili ya mtihani. Hapa yaweza kuwafaa watu wawili wa nyumba moja, na mmoja wao hajazaliwa bado.